Sista Macho na Usingizi Wake

Kuna waliojaliwa sauti, kuna waliojaliwa mbio, na kuna Sista Macho, ambaye Mungu alimpa macho yasiyofumba. Hivyo ndivyo hospitali nzima ilivyoamini. Kwa miaka kumi na tisa ya uuguzi, mingi yake kwenye wodi ya wanaume, hakuna aliyewahi kumkuta amesinzia zamu ya usiku. Wenzake, ikishafika saa tisa, walikuwa wakidondoka mmoja mmoja. Huyu kichwa kiko mezani, yule kasimama kaegemea stendi ya dripu, mwingine kaenda msalani na kurudi baada ya nusu saa akiwa na alama za vigae shavuni. Sista Macho yuko palepale kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, macho kodo. Jina walimpa wagonjwa, likamkaa.

Metroni, mkuu wa wauguzi wote, mama aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na mwenye sauti ya kuamsha wodi mbili kwa mpigo, alimfanya Sista Macho kuwa fimbo ya kuwachapia wengine. Akimkuta mtu anapiga miayo, alimwambia usingizi ni tabia, na tabia huachwa. Kama haamini, akamtazame Sista Macho. Sasa hebu fikiria jinsi wenzake walivyompenda kwa hilo. Waliposikia kaumwa jino wiki nzima, wawili walisema afadhali, na yeye aonje.

Lakini mimi nakwambia kile ambacho hospitali haikukijua. Sista Macho alikuwa analala. Analala kama wewe na mimi, tena usingizi wa haki kabisa, ila macho yake hayakupewa taarifa. Yeye mwenyewe alichelewa kugundua. Alianza kwa kujikuta mwisho wa korido bila kukumbuka amefikaje huko. Kisha akaanza kukuta kwenye kitabu cha taarifa, kwa mwandiko wake mwenyewe, maneno ya ajabu. Siku moja alisoma kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili ameamka vizuri, amekunywa uji, na apigwe randa upande wa kushoto. Alichana ukurasa, akauandika upya, akanyamaza.

Randa ilitoka nyumbani. Mume wake ni fundi seremala, na karakana yake iko nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na chumba cha kulala. Hapo ndipo Sista Macho alipotakiwa alale mchana, zamu saba za usiku mfululizo zikiisha apewe siku mbili za kupumzika, kisha zamu za asubuhi wiki moja, za mchana wiki moja, halafu arudi usiku. Aliyepanga ratiba ile sijui ni nani, maana ilikuwepo kabla ya wote, lakini nina hakika alikuwa akilala kwake kila siku saa tatu usiku. Mwili wa mtu si swichi ya taa. Huwezi kuuambia wiki hii jua ni usiku, wiki ijayo jua ni jua, ukategemea ukuitikie ndiyo bwana.

Na mwili wa Sista Macho ulikuwa umeshakata tamaa ya kuelewa. Mwaka uliopita alirudi kutoka zamu, akalala saa tano, akazinduka giza likiwa halijakolea. Akajua kumekucha. Akaruka kitandani, akamwogesha binti yake wa miaka tisa, akamvalisha sare ya shule, akamsuka harakaharaka huku akimgombeza kwa uvivu. Mtoto akajaribu kusema kitu. Bibi yake akamkonyeza anyamaze, asimbishie mama yake, kachoka. Wakatoka mbio hadi geti la shule. Mlinzi akawatazama mama na mtoto na begi lake, akasema kwa adabu kwamba shule ingefunguliwa keshokutwa, kwa sababu leo ni Jumamosi, tena jioni. Binti alikuja kumweleza baba yake kwamba alijua tangu mwanzo, ila alitaka kuona mwisho wake.

Huyo bibi ndiye mama mkwe wa Sista Macho, aliyehamia kwao mwaka juzi. Mama mwema, na hilo naomba lieleweke. Hakuwa mkwe wa vijembe. Tatizo lake ni moja tu: kwa maisha yake yote aliamini kwamba mwanamke anayelala saa nne asubuhi ni mgonjwa au ni mjamzito, na hali zote mbili zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara.

Basi, yote hayo Sista Macho aliyabeba kwa sababu kulikuwa na tumaini. Msimamizi wa wauguzi wa mchana alikuwa anahama. Nafasi hiyo mtu akishaipata hajui tena zamu. Unaingia saa mbili asubuhi, unatoka saa kumi jioni, na usiku unalala kitandani kwako karibu na mume wako kama raia wengine. Sista Macho aliitaka nafasi ile kwa namna ambayo hata kuisema aliona haya. Hakutaka cheo. Alitaka kulala. Alikuwa amefikia kuota mchana kwamba amelala usiku.

Jumatatu Metroni akamwita ofisini. Akamwambia jina lake ndilo lililopita, na kwamba Mganga Mkuu wa hospitali atalitangaza Ijumaa saa nane mchana, kwenye mkutano wa wauguzi wote. Ila kabla ya kutangazwa, atasimama awape wenzake somo fupi: namna ya kuushinda usingizi kazini. Dakika kumi tu. Sista Macho akashukuru, akatoka, akaenda stoo ya mashuka akajifungia. Huko alicheka kwanza, halafu akalia kidogo, halafu akagutuka baada ya robo saa akiwa bado amesimama.

Akajiambia ni siku tano tu. Siku tano, uongo wa dakika kumi, halafu maisha yote ya kulala. Nani angekataa? Mimi nisingekataa, na wewe usijifanye mtakatifu.

Ikaja alfajiri ya hiyo Ijumaa yenyewe, usiku wake wa tano mfululizo. Saa kumi na moja na nusu ndio wakati wa sindano za sukari, kabla wagonjwa hawajanywa chai. Dawa hiyo si ya mchezo; ukimzidishia mtu, sukari yake inashuka hadi anazimika. Ndiyo maana sheria inataka wauguzi wawili wasimame kitandani, mmoja asome kipimo, mwingine atazame, kisha wote watie saini kwenye kitabu. Muuguzi mwenzake usiku ule alikuwa mwanamume mmoja mnene, mtaratibu, waliyemwita Mpole. Mpole alikuwa na imani kubwa na Sista Macho. Kwa miaka mitatu alikuwa akisaini mistari yote mwanzoni mwa zamu, saa mbili usiku, ili wasisumbuane. Kwamba mwenye macho yale atakosea kipimo, hilo halikumwingia akilini.

Sista Macho akafika kitanda cha tisa na bomba la sindano mkononi. Kitanda hicho kilikuwa cha mwalimu mstaafu, mzee mwembamba anayenyoosha shuka lake mwenyewe. Akamwomba afunue tumbo. Mzee hakufunua.

"Sista, hiyo ni ya nani?"

"Ni yako, Mwalimu. Ya asubuhi."

"Yangu umeshanichoma," mzee akasema. "Sasa hivi tu. Ukaniuliza habari za mjukuu wangu aliyefaulu, nikakueleza, ukanipa hongera."

Sista Macho akatabasamu, maana wazee huchanganya siku. Akatazama kwenye sahani ya toroli. Pamba moja imetumika. Bomba moja limetumika. Kwenye kitabu, mstari wa kitanda cha tisa, saini ya Mpole ipo toka jana na ya kwake haipo. Akajaribu kumkumbuka huyo mjukuu. Akajaribu kukumbuka hata ni wa kike au wa kiume. Hakupata kitu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo amewakataza ndugu za wagonjwa kwa miaka kumi na tisa.

Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo hata siku alipojifungua. Akampima mzee sukari, akampima tena, akamletea chai yake kabla ya wengine na kusimama hapo akimwangalia anavyomeza. Kipimo kilikaa mahali pake. Mzee alichomwa mara moja, vizuri kabisa, na mtu aliyekuwa amelala.

"Nimefundisha miaka thelathini na mitano," Mwalimu akamwambia taratibu, akirudisha kikombe. "Mtu anayelala macho wazi namjua. Walikuwa wananijaa darasani kila somo la hesabu baada ya chakula cha mchana. Mmoja alikuwa anatikisa na kichwa, kukubali."

"Utamwambia Metroni?"

"Mimi ni mgonjwa, nasema nikiumwa. Hilo lingine ni lako."

Zamu ilipokwisha hakuondoka. Alikaa hadi saa tatu na nusu akimpima mzee mara mbili zaidi, hadi wauguzi wa asubuhi wakaanza kunong'ona kwamba Sista Macho sasa anafanya na zamu za watu, cheo kishampanda kichwani. Alifika nyumbani saa nne. Mkutano ni saa nane. Akahesabu: akipata saa tatu za usingizi, ubongo utatulia, na atajua la kufanya.

Mume wake alikuwa na habari za mkutano, na alikuwa anamwonea fahari mpaka wateja wake walichoka kusikia. Akamwahidi kwamba leo hapigi msumeno, hapigi nyundo, hagusi randa. Ana kabati la mtu la kumalizia, atatumia msasa tu, tena taratibu. Kama hujawahi kulala ukuta mmoja na msasa, mshukuru Muumba wako. Randa unaizoea, inapita moja kwa moja. Msasa unausubiri. Unakwaruza, unanyamaza, unasema umekwisha, unafumba macho, unakwaruza. Sista Macho alilala chali akihesabu mikwaruzo, na fundi huko nje akazidi kuipunguza mwendo kwa mapenzi.

Mlango ukafunguka polepole. Mama mkwe akachungulia.

"Mwanangu, umelala?"

Alijibu hapana, Mama. Mama mkwe akaeleza alitaka kuhakikisha tu, maana kuna watoto wanacheza mpira nje, na kama amelala, anakwenda kuwafukuza. Akaenda akawafukuza. Waliondoka, na kelele za kuwafukuza zikasikika mitaa miwili. Akarudi akafungua mlango, akauliza tena kama amelala, ili ampe habari kwamba wale watoto wameondoka. Mara ya tatu hakuja peke yake. Alikuja na jirani aliyebeba mtoto wake mwenye vipele, akitaka vionwe mara moja tu, hata kama sista kalala. Mtoto akawekwa kitandani. Sista Macho, kichwa kiko kwenye mto, akavitazama vipele, akasema ni joto, wamwogeshe wampunguzie nguo. Jirani akashukuru sana, akakaa. Akaanza kusimulia jinsi vipele vilivyoanza.

Saa saba mume wake alikuja kumwamsha na kumkuta anavaa. Jumla alikuwa amelala dakika arobaini, kwa vipande. Kwenye karatasi alikuwa ameandika mambo matatu ya kuwaambia wenzake: maji baridi usoni, chai bila sukari, na kupenda kazi. Aliyasoma mbele ya kioo. Yote yalikuwa uongo, na la tatu ndilo lililomuudhi zaidi, kwa sababu kazi aliipenda kweli.

Ukumbini walijaa. Waliotoka zamu ya asubuhi walikuwa wamekaa nyuma wakitafuta ukuta wa kuegemea. Mganga Mkuu, mtu wa suti na wa maneno machache, alikaa mbele na barua ya uteuzi mfukoni. Metroni alikuwa pembeni yake, mikono imefungamana. Palikuwa na joto, na feni ya juu inazunguka kwa kujivuta. Sista Macho akasimama, akashika karatasi yake, akasalimia. Akasema usingizi ni adui wa muuguzi, na adui huyu anaingia kupitia pale ambapo hukumtegemea.

Kilichofuata alisimuliwa baadaye na Mpole. Anasema Sista Macho alisema maneno hayo, kisha akanyamaza, akawatazama. Akaendelea kuwatazama. Hakupepesa. Watu wakaona anasubiri utulivu, wakatulia. Akaendelea. Waliokuwa wameegemea ukuta wakakaa sawa, kila mmoja akijua ni yeye anayetazamwa. Simu zikaingia mifukoni. Muuguzi mmoja wa mstari wa mbele akaanza kuandika. Mganga Mkuu akainamisha kichwa kumnong'oneza Metroni kwamba huyu mama anajua kufundisha, kimya peke yake ni somo. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Karatasi ikamponyoka mkononi, ikaenda chini polepole, na watu wote wakaisindikiza kwa macho wakingoja waambiwe maana yake.

Mtu akakohoa. Sista Macho akarudi. Alikuta watu mia na ushei wanamtazama kwa heshima ambayo hajawahi kuiona, na karatasi iko sakafuni.

"Nimesimama hapa muda gani?" akauliza.

"Dakika mbili na ushei, Sista," Mpole akajibu toka mstari wa tatu, kwa unyenyekevu mkubwa.

Mganga Mkuu akatikisa kichwa kumruhusu aendelee. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshaingia mfukoni penye barua. Kilichohitajika ni kuinama, kuokota karatasi, na kusoma mambo matatu. Alikuwa na usingizi kiasi kwamba kitanda chake cha usiku alikiona waziwazi, na mashuka yake. Lakini alimwona pia Mwalimu na tumbo lake lililofunikwa, akiuliza sindano ni ya nani. Akaikanyaga karatasi bila kukusudia, akaiacha.

"Nilikuwa nimelala," akasema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Mganga Mkuu akacheka, akampiga Metroni bega kidogo.

"Nimelala hapa mbele yenu, nimesimama. Na ndivyo ninavyolala wodini."

Wakacheka zaidi. Mtu nyuma akapiga makofi. Nakwambia, mtu akishajengewa sifa, ukweli wake unageuka mzaha. Ni kazi kubwa kujishusha kuliko kupandishwa. Sista Macho akasubiri kicheko kiishe, na alipoona hakiishi, akakipita katikati.

"Leo alfajiri nilimchoma mgonjwa sindano ya sukari. Dakika chache baadaye nikamwendea kumchoma tena, kwa sababu ile ya kwanza sikuwa na habari nayo. Yeye ndiye aliyenizuia. Kama asingenizuia, saa hizi tungekuwa tunawasubiri ndugu zake."

Hapo walinyamaza. Alipoona wamenyamaza, akaogopa, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka naye. Akawaambia hakuna maji baridi wala chai. Akawaambia mtu ambaye hajalala siku tano, kichwa chake hakina tofauti na cha mlevi. "Mlevi tunamzuia getini," akasema. "Mimi naingia, nakabidhiwa kabati la dawa." Akasema amelala macho wazi miaka sita au saba, na kwamba kila mtu aliyegombezwa kwa ajili yake anamwomba radhi. Kisha hakujua jinsi ya kumaliza, akasema ahsanteni.

Mpole akasimama. Akasema yeye husaini mapema, mistari yote, miaka mitatu sasa, kwa hiyo kama ni kosa, nusu ni lake. Akakaa. Dada mmoja wa wodi ya wanawake naye akasimama, akasema wiki iliyopita alibandika jina la mgonjwa kwenye kikombe chake cha chai ya rangi, akakipeleka maabara, na chupa ya mkojo akabaki nayo mezani. Maabara wakajibu kwamba mgonjwa ana sukari nyingi sana na majani.

"Ile chupa nyingine?" mtu akauliza.

"Nilishtuka kabla," dada akasema, akakaa haraka.

Walicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa kingine. Mganga Mkuu hakucheka. Akasimama, akashukuru kwa jumla, akasema mambo haya yatashughulikiwa kwa utaratibu wake, na kila mfanyakazi mle ndani alijua utaratibu wake maana yake ni faili. Barua haikutoka mfukoni. Nafasi ile alikuja kuipata muuguzi wa wagonjwa wa nje ambaye toka aajiriwe hajawahi kuona hospitali ikiwa na giza. Mimi hilo linaniuma mpaka leo, ingawa wenyewe wameshasahau. Na Metroni? Alitazama sakafu mwanzo hadi mwisho, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Sista Macho alirudi nyumbani akamweleza mume wake. Fundi akasema nafasi si mtu, na kwamba atahamisha karakana, hata kama ni chini ya mti. Mama mkwe akauliza kama sasa amefukuzwa. Alijibu bado. Basi, akasema mama, kama bado, ale kwanza.

Saa moja na nusu jioni alikuwa wodini, kwa sababu ulikuwa usiku wake wa sita na hakuna aliyemwambia asije. Dada wa zamu ya mchana akamkabidhi funguo za kabati la dawa bila kumtazama usoni. Alipogeuka, Metroni alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na lile gauni lake la ofisini. Alivaa sare ya wodi, imembana kiunoni, na raba nyeupe miguuni. Miaka kumi na mitano hakuwa amekesha.

Sista Macho akaanza kuomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya watu. Metroni akainua mkono kumzuia. Akasema kesho anaandika ratiba upya, hakuna atakayevuka usiku wa tatu, na kama Mganga Mkuu hataki, amstaafishe mapema, mwaka mmoja si kitu. Akasema saini zitatiwa kitandani kwa mgonjwa, na Mpole ameshaambiwa. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini kabisa, ambayo Sista Macho hakujua kama anayo.

"Huyo mwalimu wako alikwambia umeshamchoma."

"Ndiyo, Metroni."

"Wa kwangu alikuwa hajitambui. Hakuweza kuniambia." Akawa anatazama vitanda, si yeye. "Asubuhi niliandika amefariki kwa ugonjwa wake, na watu wakanipa pole. Ni miaka thelathini na mmoja sasa. Ndiyo maana nawaambia kila siku kwamba usingizi ni tabia. Ingekuwa ni tabia, ningekuwa nimeiacha, na yamekwisha."

Mgonjwa mmoja akaomba maji, na wote wawili wakageuka kwa pamoja. Metroni ndiye aliyetangulia kuinua mguu, kisha akasimama na kunyoosha kiganja.

"Lete funguo, mwanangu. Nenda kalale."

Sista Macho akampa.